Mungu Asiyehitaji Kitu: Je, Anasikia Dua?

(Hotuba iliyotolewa msikitini mbele ya jamaa baada ya sala ya Alasiri. Tunaichapa hapa kwa maombi ya waliohudhuria.)



Ndugu zetu wapenzi,

Huenda baadhi yenu mtastaajabu kusikia majina ya wanafalsafa wa Ulaya yakitajwa ndani ya nyumba ya ibada. Sababu ipo. Kijana mmoja wa msikiti huu, aliye masomoni chuo kikuu, alitujia wakati wa likizo akiwa na uso wa mtu mwenye mzigo. Hakuja kukana kuwepo kwa Mungu. Alisema kwamba anaamini Mungu yuko, tena ni mmoja, tena ni mkamilifu. "Ila, Maalim," akasema, "nimeacha kuomba dua. Mungu mkamilifu hahitaji kuambiwa jambo, wala hageuki. Kila kitu kinakwenda kwa kanuni. Sasa nikiinua mikono, ninamwinulia nani?"

Tulipomwuliza fikra hii ameichota wapi, alilitaja jina la Spinoza.

Swali kama hili haliondoki kwa kukemewa. Kijana akikemewa atanyamaza mbele yetu, na moyoni atakwenda zake. Kwa hiyo tuliona ni wajibu wetu kulifuata swali hadi lilikotoka. Leo tutawatazama watu watatu wa karne ya 17: Descartes wa Ufaransa, Spinoza wa Uholanzi na Leibniz wa Ujerumani. Wote watatu waliitegemea akili kuwa ndiyo taa kuu ya kuufikia ukweli, na wote watatu walimweka Mungu katikati ya falsafa yao, wala siyo pembeni. Kosa lao, pale walipokosea, si kosa la wapuuzi. Ndiyo maana linafaa kujibiwa kwa heshima na kwa hoja.

MAANA YA JAUHARI

Neno ambalo watu hawa walilijengea nyumba zao zote ni jauhari. Katika Kiswahili cha kila siku johari ni kito cha thamani. Lakini wanazuoni walioandika kwa Kiarabu walilitumia neno jauhar kwa maana nyingine: kitu kinachosimama chenyewe. Kinyume chake ni aradhi, yaani jambo lisiloweza kusimama ila kwa kuegemea kitu kingine.

Chukua kanga. Rangi yake nyekundu haiwezi kuokotwa peke yake na kuwekwa juu ya meza, inakihitaji kitambaa. Basi rangi ni aradhi, na kitambaa kwa kulinganishwa nayo ni jauhari. Lakini je, kitambaa chenyewe kinajitegemea? Kinazihitaji nyuzi, na nyuzi zinaihitaji pamba, na pamba inahitaji udongo, mvua na jua, na jua nalo halikujiwasha. Kila tunapodhani tumefika kwenye kitu kinachosimama chenyewe, tunakikuta nacho kimeegemea. Akili inauliza: je, yote haya yaliyoegemea yanaweza kuegemeana hivyo hivyo bila ya kuwepo Mwenye kuyashikilia?

Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alijibu kwamba haiwezekani. Viumbe vyote, alisema, vinaweza kuwepo na vinaweza kutokuwepo. Kwa hiyo lazima awepo ambaye kuwepo Kwake ni wajibu, hakukopwa kwa mwingine. Wanazuoni wetu wengi wa elimu ya akida walikubali kwamba Mwenyezi Mungu ndiye msimamizi wa yote, lakini walikataa kumwita jauhari. Walisema jauhari kwa istilahi yao ni kitu kinachobeba hali zinazobadilika, leo hii na kesho ile, na Mwenyezi Mungu ametakasika na hayo. Tulishike jambo hili akilini, maana tutaona jinsi tahadhari yao ilivyokuwa na hekima.

DESCARTES NA MLANGO ALIOUFUNGUA

René Descartes alizaliwa mwaka 1596, akafa mwaka 1650 mjini Stockholm, nchini Uswidi. Alikuwa mwanahesabu mkubwa aliyeiunganisha aljebra na jiometri. Katika kitabu chake cha Tafakari, kilichotoka mwaka 1641, alianza kwa kushuku kila kitu. Macho hudanganya, ndotoni mtu huona mambo akayadhani kweli, pengine yupo mdanganyifu anayeichezea akili. Akatafuta jambo moja lisiloweza kushukiwa, akaona kwamba hata anaposhuku, mwenye kushuku lazima awepo. Kutoka hapo akapanda kwenda kwa Mungu: wazo la Mwenye ukamilifu usio na mwisho limo ndani yake, na yeye ni mpungufu, basi wazo hilo haliwezi kuwa limetoka kwake.

Waislamu wanaomjua Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, wataitambua njia hii. Katika kitabu chake cha Al-Munqidh min al-Dhalal, Imam anasimulia jinsi alivyoacha kuyaamini macho, kwa kuwa nyota huonekana ndogo mfano wa dinari na hali ni kubwa kuliko ardhi; kisha jinsi ndoto zilivyomtia shaka hata juu ya akili. Alikaa katika ugonjwa huo karibu miezi miwili. Hatusemi kwamba Descartes alinakili kwake. Tunachotaka kuonyesha ni tofauti ya dawa. Descartes anasema alitoka kwa nguvu ya fikra zake. Imam Ghazali anasema hakutoka kwa kupanga hoja, bali kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake.

Mwaka 1644, katika Kanuni za Falsafa, Descartes aliieleza jauhari kuwa ni kitu kilichopo kwa namna ambayo hakihitaji kitu kingine ili kiwepo. Palepale akakiri jambo kubwa: kwa maana hiyo kamili, ni Mungu peke Yake anayestahili jina hilo. Viumbe huitwa jauhari kwa maana ya chini tu, kwa kuwa vinahitaji msaada wa Mungu bila ya kuhitaji kingine. Viumbe hivyo akavigawa mafungu mawili: nafsi, ambayo kazi yake ni kufikiri, na mwili, ambao sifa yake ni kuwa na urefu, upana na kina. Tena katika Tafakari alisema kwamba kuwepo kwetu saa hii si dhamana ya kuwepo kwetu saa ijayo, isipokuwa awepo Mwenye kutudumisha kila kitambo, kana kwamba anatuumba upya.

Ndugu wapenzi, hapa Mwislamu hana ugomvi naye. Katika Ayat al-Kursi sisi humtaja Mwenyezi Mungu kwa jina la Al-Qayyum, Mwenye kujisimamia na kuvisimamia vyote, asiyeshikwa na usingizi hata kitambo kidogo.

Lakini Descartes aliacha maswali mawili wazi. La kwanza aliulizwa na mwanamke, Binti Mfalme Elisabeth wa Bohemia, katika barua ya mwaka 1643: nafsi isiyo na mwili inausukumaje mwili? Hakupata jibu la kumtosheleza. La pili lilikuwa zito zaidi: ikiwa jauhari ya kweli ni Mungu peke Yake, sisi wengine ni nini?

SPINOZA: MAWIMBI NA BAHARI

Aliyelishika swali la pili na kulifuata bila ya kugeuka nyuma ni Baruch Spinoza. Alizaliwa Amsterdam mwaka 1632 katika ukoo wa Wayahudi waliotoka Ureno wakikimbia mateso ya kidini. Tukumbuke kwamba ni katika rasi ileile ya Iberia ambako mabaki ya Waislamu, waliokwisha kulazimishwa ubatizo, walifukuzwa na Hispania kati ya mwaka 1609 na 1614. Julai 1656, akiwa kijana wa miaka 23, Spinoza alitengwa na Wayahudi wenzake wa Amsterdam. Aliishi maisha ya kadiri, akisaga vioo vya darubini kwa mikono yake. Mwaka 1673 alipewa nafasi ya kufundisha katika Chuo Kikuu cha Heidelberg, akaikataa ili asije akafungwa ulimi. Alikufa Februari 1677, na mwaka huohuo rafiki zake wakakitoa kitabu chake kikuu, Maadili, kilichopangwa mfano wa kitabu cha jiometri.

Mawazo yaliyoandikwa kwa Kiarabu hayakuwa mbali naye. Alimsoma Musa bin Maimun, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyekufa mwaka 1204, ambaye kitabu chake cha Dalalat al-Hairin kiliandikwa kwa lugha ya Kiarabu na kujadiliana na wanazuoni wa Kiislamu. Na mwaka 1672 kisa cha Hayy bin Yaqzan cha Ibn Tufail wa Andalusia kilitolewa kwa Kiholanzi; anayetajwa kuwa mfasiri wake ni tabibu Johannes Bouwmeester, rafiki wa Spinoza.

Hoja yake kwa ufupi ni hii. Ikiwa jauhari ni ile isiyohitaji chochote, basi haiwezekani ziwe mbili. Iko moja tu, nayo ni Mungu. Vilivyobaki vyote, mawe na miti, miili na fikra zetu, si vitu vilivyoumbwa na Mungu vikawa mbali Naye, bali ni hali za Mungu mwenyewe. Kwa mfano wetu sisi, ni kama mawimbi yalivyo hali za bahari: wimbi halina maji yake lenyewe. Ndiyo maana Spinoza hulitumia jina la Mungu na jina la Maumbile kwa jambo lilelile.

Kutoka hapo yanafuata mambo mengine matatu. Kwanza, Mungu hatendi kwa kuchagua. Mambo yanatoka Kwake kwa lazima, kama vile pembe tatu za pembetatu zinavyolingana na pembe mbili za mraba. Pili, Mungu hana makusudio, na akisemwa kuwa na akili na utashi, basi akili hiyo na yetu zinafanana kwa jina tu, kama nyota ziitwazo Mbwa zinavyofanana na mbwa anayebweka. Tatu, ampendaye Mungu hawezi kujitahidi ili Mungu ampende yeye.

Sasa mnaona mzigo wa kijana wetu ulitoka wapi. Mungu huyu yupo, ni mmoja, hana mpaka. Lakini ukimwita, hakuna anayegeuka.

Kurani Tukufu inatuamrisha kwamba hata chuki isitutoe katika uadilifu. Basi tuseme kwa haki: katika maneno ya Spinoza yamo maonyo yanayotufaa. Aliwalaumu watu wanaodhani kwamba dunia nzima imepangwa kwa ajili ya matumbo yao, na wale ambao jiwe likianguka kutoka paani na kuua mtu, hawataki kuchunguza sababu, bali hukimbilia kusema kwamba ni mapenzi ya Mungu na kufunga mazungumzo. Je, sisi tumesalimika na jambo hilo? Mara ngapi uzembe wetu tumeufunika kwa jina la Mwenyezi Mungu?

Lakini katika shina la jambo alikosea, na jibu lilikwisha kuandikwa karibu miaka 580 kabla ya kitabu chake kutoka.

JIBU LA IMAM GHAZALI

Mwaka 1095 Imam Ghazali alikamilisha kitabu chake cha Tahafut al-Falasifa. Wakati ule wapo waliosema kwamba ulimwengu unatoka kwa Mungu kwa lazima, kama nuru itokavyo kwenye jua. Imam akawauliza: kwa nini basi mnamwita Mtendaji? Mtendaji ni mwenye kujua analolifanya, mwenye kulitaka na kulichagua. Tunaposema taa imetenda mwanga, tunasema kwa njia ya mfano tu. Anayemwondolea Mungu irada kisha akaendelea kumwita Muumba, amebakiza jina na kuitupa maana.

Wakamjibu kwamba kuchagua ni upungufu, kwani mwenye kuchagua husukumwa na haja. Imam akatoa mfano wa mtu mwenye njaa aliyewekewa tende mbili zilizo sawasawa kwa kila hali, naye hawezi kuzichukua zote mbili. Je, atakufa kwa njaa kwa sababu hakuna inayompa sababu ya kuitanguliza? La hasha! Atachukua moja. Kazi ya irada ni hiyo: kulitenga jambo na mfano wake. Irada si alama ya haja. Irada ni ukamilifu.

Hapa ndipo tunapoona hekima ya wale waliokataa kumwita Mwenyezi Mungu jauhari yenye kubeba hali. Walioliachia neno hilo lipande hadi kwa Mungu walijikuta wakilazimika kusema kwamba viumbe ni hali Zake: dhulma ya dhalimu na kilio cha aliyedhulumiwa, zote ni hali za kitu kimoja. Wimbi halimwabudu bahari. Wimbi halitubu. Akiondoka Muumba aliye mbali na viumbe, anaondoka pia mja.

LEIBNIZ NA HAKI YA KUCHAGUA

Novemba 1676, miezi michache kabla ya Spinoza kufa, alifika kwake The Hague kijana wa Kijerumani mwenye umri wa miaka 30, Gottfried Wilhelm Leibniz. Huyu alikuwa mmoja wa wavumbuzi wawili wa hesabu ya kalkulasi, mwingine akiwa Newton. Walizungumza zaidi ya mara moja, na Leibniz akamwonyesha karatasi ya hoja juu ya kuwepo kwa Mwenye ukamilifu wote. Baadaye Leibniz alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuikimbia nyumba aliyoizuru siku zile.

Yeye alisema jauhari si moja, bali hazina idadi. Aliziita monadi: vitu visivyogawanyika, kila kimoja kikiwa na uhai na mwono wake, kila kimoja kikiuakisi ulimwengu kutoka mahali pake. Viumbe, basi, si mawimbi. Ni watu wa kweli na vitu vya kweli, navyo vyote vinadumishwa na Mungu. Tena hakuna viwili vilivyo sawa kabisa. Alisimulia jinsi bwana mmoja, katika bustani ya Herrenhausen, mbele ya Binti Mfalme Sophie, alivyozunguka kutafuta majani mawili yasiyo na tofauti yoyote, asiyapate. Kwa hiyo asingekubali mfano wa tende mbili. Kwake yeye Mungu hachagui bila ya sababu. Lakini anachagua! Kwa ilimu Yake anaziona dunia zote zinazowezekana, kwa irada Yake anaitaka iliyo bora, na kwa kudra Yake anaileta. Ilimu, irada na kudra: je, si sifa hizi ambazo wanazuoni wetu wa akida huzitaja tangu zama za kale?

Hata hivyo mtu huyu alitusema vibaya. Katika kitabu chake cha Theodisia, kilichotoka mwaka 1710, alizungumzia imani aliyoiita majaaliwa ya Kiislamu au ya Kituruki. Aliwalaumu Waturuki kwamba, kama ilivyokuwa ikisemwa, hawakimbii hatari wala hawatoki penye tauni, kwa kuwa wanaona kilichoandikwa kitakuwa tu.

Sisi tunajibu kwa vitendo vya Sahaba. Sayyidna Umar r.a., katika ukhalifa wake, alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika Sargh akapata habari kwamba nchi imeingiwa na tauni, akaamua kurudi. Abu Ubaida r.a. akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Sayyidna Umar akajibu kwamba anaitoka kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde la pande mbili, moja lina majani na jingine kavu: popote atakapochunga, atachunga kwa kadari ya Mungu. Ndipo Abdurrahman bin Auf r.a. akawaletea hadithi ya Mtukufu Mtume s.a.w., kwamba palipo na tauni msipaingie, na ikiwakuta mahali msitoke kuikimbia. Hiyo ndiyo imani ya Kiislamu juu ya kadari. Lakini tukiri: janga la Korona lilipotufikia mwaka 2020, walikuwapo miongoni mwetu waliosema maneno ambayo Leibniz angeyatumia kuwa ushahidi dhidi yetu.

Na juu ya dua, Leibniz alimjibu kijana wetu kabla hajazaliwa. Alisema kwamba Mungu alipoupanga ulimwengu, dua za waja zilikuwa mbele Yake pamoja na mambo mengine yote, nazo zimetiwa katika hesabu. Anayesema haina faida kuomba kwa kuwa yote yamepangwa ni kama asemaye haina faida kulima kwa kuwa mavuno yamepangwa. Nasi tunayo kauli ya Mtukufu Mtume s.a.w. iliyopokewa katika Tirmidhi: alipoulizwa kama dawa na kisomo huzuia kadari, alieleza kwamba hivyo navyo vimo katika kadari.

SAMAD: MAANA MBILI ZISIZOTENGANA

Ndugu wapenzi, sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu.

Katika Sura Ikhlas, ambayo watoto wetu huihifadhi kabla ya kujua kuandika majina yao, Mwenyezi Mungu anaitwa As-Samad. Wafasiri wamelieleza jina hili kwa maana mbili kubwa. Ya kwanza ni Asiyehitaji chochote, aliyetimia, asiye na pengo. Ya pili ni Ambaye viumbe vyote humwendea kwa haja zao. Jina ni moja, maana ni mbili, na haikubaliki kuikata moja ukaiacha nyingine.

Wanafalsafa hawa waliiona maana ya kwanza kwa macho makali sana. Kitu kisichohitaji kitu kingine: si hiyo ndiyo tafsiri yao ya jauhari? Descartes aliiona, akainama. Spinoza aliiona, akaishika peke yake mpaka akaikata maana ya pili. Alidhani kwamba asiyehitaji hawezi kujali. Lakini pima katika watu: ni nani anayeweza kuwasikiliza wengine kwa ukarimu wa kweli? Ni yule aliyezama katika haja zake mwenyewe, au yule aliyetosheka? Mwenye haja husikiliza huku akihesabu atapata nini. Na Mwenyezi Mungu ni zaidi ya kila mfano: kwa kuwa Yeye hahitaji kitu kwetu, kusikia Kwake dua zetu ni rehema tupu isiyochanganyika na biashara. Kutohitaji Kwake hakufungi mlango. Ndiko kunakouacha wazi.

Ama shaka kwamba dua ikijibiwa Mungu atakuwa amegeuka, tunauliza hivi. Mfalme aliyetoa amri kwamba mwombaji yeyote asirudishwe mikono mitupu, je, anapompa mwombaji ameivunja amri yake? La, ameitimiza. Kujibu dua ni katika kanuni za Mwenyezi Mungu, kama ilivyo kanuni ya mvua na mbegu. Sifa Zake hazibadiliki, na kusikia ni mojawapo ya sifa hizo. Anayebadilika ni mja, aliyekuwa amegeuza mgongo na sasa ameelekeza uso.

Tazameni pia mahali ahadi hii ilipowekwa. Katika Sura Al-Baqara, katikati ya aya za funga ya Ramadhani, Mwenyezi Mungu anatujulisha kwamba Yeye yu karibu, na kwamba humjibu mwombaji anapomwomba. Haikuwekwa katika mjadala wa wasomi. Imewekwa mbele ya watu wenye njaa na kiu, ambao siku nzima wameonja kwamba wao si wenye kujitosheleza. Akili peke yake ilimwonyesha Spinoza kwamba Mungu ni tajiri. Njaa ya mfungaji humwonyesha mja kwamba yeye ni fakiri. Na Sura Fatir inatufundisha yote mawili kwa pamoja.

Blaise Pascal, mwanahesabu wa Ufaransa wa zama zilezile, alipatwa na hali ya kiroho usiku mmoja wa Novemba 1654. Aliiandika kwenye karatasi akaishona ndani ya koti lake, nayo ilionekana baada ya kufa kwake mwaka 1662. Humo alimtofautisha Mungu wa manabii Ibrahimu, Is-haka na Yakubu a.s. na yule wa wanafalsafa. Hatukubaliani na kila alichokiamini Pascal, lakini katika hili alishuhudia jambo la kweli.

Mfano wake ni mtu anayeiona nyumba usiku, taa inawaka, ua umefagiwa. Akili humwambia kwa yakini kwamba mwenye nyumba yupo. Anaweza kuuzunguka ukuta, akaupima, akaandika vitabu juu ya urefu wake, wala asikosee. Lakini kama mwenyeji anaitikia, hilo halijulikani kwa kupima ukuta. Linajulikana kwa kusimama mlangoni na kupiga hodi.

NASAHA

Kwa wazazi na walimu tunasema: msiwaogopeshe vijana na elimu. Kijana aliyefundishwa Sura Ikhlas kwa maana zake, wala siyo kwa matamshi tu, ataingia chuo kikuu akiwa na mizani mkononi. Kwa wasomi tunasema: visomeni vitabu vya Ulaya, lakini msivisome kama yatima. Imam Ghazali, Ibn Sina na Ibn Tufail ni wazee wenu.

Na kwa kijana wetu, ambaye leo ameketi pamoja nasi, tunasema: swali lako lilikuwa zuri, nawe hukukosea ulipokataa mungu mdogo anayenunuliwa kwa maneno. Lakini jaribio la dua halifanyiki maktabani. Amka kabla ya alfajiri, wakati ambapo hakuna anayekutazama. Umejua kwa akili kwamba Yeye hahitaji kitu. Sasa mwendee kwa hali yako wewe unayehitaji kila kitu, na usiondoke mlangoni upesi.

Ewe Mola wetu, Wewe ni Tajiri nasi ni mafakiri. Zisafishe akili zetu zisikupunguze, na zilainishe nyoyo zetu zisikusahau. Utujaalie kukujua kwa hoja na kukujua kwa kujibiwa. Umpe rehema na amani Mtume Wako Muhammad, jamaa zake na sahaba zake wote. Amin.